Bia mbili za mume, bia mbili za mke

Mume na mke wamekaa meza moja Ijumaa jioni. Mhudumu amefungua bia mbili za nusu lita, baadaye kidogo akafungua nyingine mbili, na bili ilipokuja ilionyesha sawa kwa sawa: mbili za baba, mbili za mama. Kwa mwenye baa hesabu imekwisha hapo. Kwa moyo ndiyo kwanza inaanza, na haitakuwa sawa kwa sawa.

Pombe husambaa kwenye maji yaliyomo mwilini, haikai kwenye mafuta. Mwanamume wa kawaida ana maji yanayofikia kama asilimia 60 ya uzito wake, ilhali mwanamke ana kama asilimia 50, kwa kuwa mwili wake una mafuta mengi zaidi. Pombe ile ile ikiingia kwenye maji machache inakuwa kali zaidi. Juu ya hapo, tumbo la mwanamume kwa kawaida lina kimeng'enya kingi zaidi kinachoanza kuivunja pombe kabla haijafika kwenye damu. Kwa hiyo hata wangekuwa na kilo sawa, damu ya mama ingebeba pombe zaidi, takribani kwa robo. Na mara nyingi kilo si sawa. Baba wa kilo 80 na mama wa kilo 60 wakinywa bia mbili mbili, kiwango katika damu ya mama huweza kuzidi mara moja na nusu ya kile cha baba. Mama anayejisifu kwamba "nakwenda sambamba na mzee" anakwenda mbele yake, ila hajui.

Kabla hatujafika kwenye moyo wenyewe, tukubaliane kuhusu kipimo, maana chupa si kipimo. Chukua bia yako uigeuze usome lebo. Ikiandikwa mililita 500 na kileo asilimia 5, basi ndani yake mna mililita 25 za pombe tupu. Pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo zidisha kwa 0.8 na utapata gramu 20. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 10 kuwa kinywaji kimoja. Kwa maana hiyo chupa moja ya kwetu ni vinywaji viwili, na mtu anayemwambia daktari "nakunywa mbili tu" amekunywa vinne. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina gramu 72. Kile kichupa cha pombe kali cha mililita 200, kinachokaa vizuri mfuko wa nyuma wa suruali, kikiwa na asilimia 35 kina gramu 56, karibu bia tatu kubwa. Tanzania ilipopiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, wanywaji wengi walihamia kwenye hivyo vichupa, na bado utamsikia mtu akikihesabu kuwa ni "kimoja".

Gongo, chang'aa, mbege, busaa, ulanzi na mnazi havina lebo, na hapo hesabu inagoma. Mnazi ulioteremshwa asubuhi na huo huo ukinywewa jioni haulingani, maana unaendelea kuchachuka ndani ya kibuyu. Gongo la wiki hii si gongo la wiki ijayo. Mimi siwezi kukupa namba ya bakuli la mbege au kikombe cha gongo. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenye presha au tatizo la moyo hana njia salama ya kupima vinywaji hivyo, na kwa gongo na chang'aa kuna hatari nyingine ya sumu ya methanoli, inayopofusha na kuua.

Sasa gramu hizo zinafanya nini? Mwaka 2018 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa taarifa za wanywaji karibu 600,000 kutoka nchi 19 tajiri. Hatari ya kufa mapema ilianza kupanda kwa wale waliozidi takribani gramu 100 kwa wiki. Kadiri gramu zilivyoongezeka, ndivyo kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na vifo vya presha vilivyoongezeka. Gramu 100 ni bia tano kubwa. Kwa wiki, si kwa kikao. Ukikaa Ijumaa ukamaliza tano, wiki yako ya pombe imekwisha kabla Jumamosi haijapambazuka. Katika uchambuzi huo mpaka wa wanaume haukupishana sana na wa wanawake, na hilo liliwashtua zaidi wanaume, kwa sababu miongozo ya Marekani wakati huo iliwaruhusu karibu mara mbili ya kiasi hicho. Kwa hiyo baba asisome aya ya juu kuhusu mwili wa mama akadhani yeye amepewa ruhusa.

Halafu kuna suala la kunywa kwa mkupuo, ambalo kwa Afrika Mashariki nadhani ndilo kubwa zaidi. Wengi wetu hatunywi kila siku. Tunakaa wiki nzima bila tone, kisha mshahara unatoka, au kuna harusi, au ni sikukuu, na chupa nane zinamalizwa kwa usiku mmoja. Mtu huyo hujiona mnywaji wa kiasi, akigawa nane kwa siku saba anapata moja na kidogo. Moyo haugawi. Mwaka 1978 daktari Philip Ettinger na wenzake huko New Jersey, Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa waliofika hospitali baada ya wikiendi na sikukuu mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika, wakati wengine hawakuwa na ugonjwa wa moyo unaojulikana. Waliita hali hiyo moyo wa sikukuu. Vyumba vya juu vya moyo huacha kusukuma kwa mpangilio na kuanza kupapatika. Mgonjwa huhisi kifua kinadunda ovyo, mara mbio, mara kimeruka pigo, anaishiwa nguvu akipanda ngazi. Wengine hawahisi kitu, na hao ndio wa kuogopewa, kwa kuwa damu inayotuama kwenye vyumba vinavyopapatika inaweza kuganda, donge likasafiri hadi kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Habari njema ni kwamba hapo kuacha kunasaidia, na ushahidi upo. Watafiti wa Australia walichukua wagonjwa 140 wa mpapatiko huo waliokuwa wanywaji, nusu wakaombwa kuacha pombe, nusu wakaendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: ndani ya miezi sita tatizo liliwarudia asilimia 73 ya walioendelea kunywa, na asilimia 53 ya walioambiwa waache. Si muujiza, lakini kuna dawa za moyo za bei mbaya zisizojivunia zaidi ya hapo.

Presha ndiyo njia kuu ambayo pombe hupitia kuufikia moyo, na ina hila yake. Saa chache za mwanzo baada ya kunywa, mishipa hulegea na presha inaweza kushuka. Ndiyo maana utakutana na mtu anayeapa kwamba bia inamshushia presha. Pengine aliwahi kupimwa jioni ile ile akaona namba nzuri. Usiku ukikatika mambo yanageuka. Homoni za msongo zinapanda, mishipa inakaza, usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu na mkoromo mzito, na asubuhi mashine inasoma juu kuliko kawaida. Ongeza kitimoto au nyama choma iliyosindikizwa na kijilima cha chumvi pembeni ya sahani, na supu ya asubuhi iliyokolezwa chumvi nayo. Kisha mtu anazimua. Bia ya kuzimua huondoa mtetemo na kichwa kuuma kwa sababu inarudisha kile ambacho mwili ulikuwa unajaribu kukitoa. Moyo uliokuwa ukingoja mapumziko ya Jumamosi unapewa zamu nyingine.

Wanaokunywa sana kwa miaka mingi wana balaa jingine, nalo ni la msuli wenyewe wa moyo. Madaktari husema moyo umetanuka: kuta zimelegea, unasukuma damu kidogo kidogo, maji yanajaa miguuni na kwenye mapafu, mgonjwa hawezi kulala bila kuinuliwa na mito. Kiasi kinachotajwa sana vitabuni ni gramu 80 au zaidi kwa siku kwa muda wa miaka mitano na kuendelea, yaani bia nne kubwa kila siku. Wanaume ndio wengi katika kundi hili kwa kuwa ndio wanywaji wakubwa. Lakini wanawake hufika huko kwa pombe pungufu, na hilo limeonekana tangu miaka ya 1990. Moyo wa namna hii mara nyingi hurudi kupata nguvu mgonjwa akiacha kabisa, kwa miezi kadhaa akiwa kwenye dawa. Kupunguza tu hakutoshi hapa. Aliyeambiwa moyo umetanuka kwa pombe asitafute mjadala wa bia moja ya Krismasi.

Nirudi kwa akina mama, maana wanasahauliwa hata kliniki. Baba akifika na presha huulizwa: unavuta? unakunywa? Mama mwenye umri na kilo zile zile huulizwa kuhusu chumvi na mawazo. Pombe haiulizwi, kwa heshima au kwa kudhani haipo, naye haisemi. Wakati huo kwenye kicheni pati na sendoff mvinyo unamiminwa kwenye glasi zisizo na kipimo, na ule mtamu wa rangi nyekundu unasemwa ni "wa kinamama, hauna kileo". Soma lebo. Mvinyo kwa kawaida ni mkali mara mbili na zaidi ya bia. Utamu unaficha tu. Wengine huambiwa mvinyo mwekundu au bia nyeusi inaongeza damu, hadi mjamzito na mama aliyetoka kujifungua wanapelekewa. Damu huongezwa na madini ya chuma, foliki asidi na matibabu ya kinachoipunguza. Pombe kwa mjamzito ni hatari kwa mtoto, hata ikija na sifa ya kuongeza damu.

Mwaka 2024, katika mkutano wa madaktari wa moyo Marekani, ziliwasilishwa takwimu za watu zaidi ya 430,000 wa Kaskazini mwa California, wenye umri wa wastani wa miaka arobaini na kitu. Wanawake waliokunywa vinywaji vinane au zaidi kwa wiki walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi kwa asilimia 45 ile ya wanawake waliokunywa kidogo. Waliokuwa na tabia ya mkupuo walikuwa pabaya zaidi. Kinywaji cha Marekani ni gramu 14, kwa hiyo vinane ni bia kama tano na nusu za hapa kwetu. Hawa hawakuwa mabibi, walikuwa wanawake wa umri ambao wengi hudhani homoni zao bado zinawalinda.

Shambulio la moyo kwa mwanamke huja pia bila yale maumivu ya kushika kifua tunayoyaona kwenye filamu. Linaweza kuja kama uchovu usioelezeka, kichefuchefu, jasho la baridi, maumivu ya taya, ya mgongo au ya chembe ya moyo. Asubuhi baada ya sherehe dalili hizo hupewa majina mepesi: uchovu wa pombe, gesi, vidonda vya tumbo. Zikimjia mtu mwenye presha, kisukari au umri uliosogea, na hasa zikiambatana na kukosa pumzi, apelekwe hospitali mara moja. Daktari akisema ni tumbo, hakuna aliyepoteza.

Kuna atakayeuliza: mbona tulisikia glasi moja ya mvinyo ni nzuri kwa moyo? Tulisikia, ni kweli. Mwaka 1991 televisheni moja ya Marekani ilitangaza kwamba Wafaransa wanakula siagi na jibini lakini hawafi sana kwa ugonjwa wa moyo, na mtafiti Serge Renaud akautaja mvinyo kuwa sababu. Mauzo ya mvinyo mwekundu yalipaa. Tatizo lilikuwa kwenye kundi la kulinganishwa. Miongoni mwa "wasiokunywa" walihesabiwa watu walioacha pombe kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, kwa hiyo anayekunywa kidogo alionekana mwenye afya kuliko wao. Wanywaji wa kiasi wa Ulaya na Marekani pia mara nyingi huwa na kipato kizuri, lishe nzuri na bima. Mwaka 2019 utafiti mkubwa wa China uliwafuatilia watu zaidi ya 500,000 na kutumia tofauti za vinasaba zinazowafanya baadhi yao washindwe kuvumilia pombe, jambo ambalo halitegemei kipato wala tabia. Kinga dhidi ya kiharusi haikuonekana. Hatari ilipanda moja kwa moja kadiri pombe ilivyozidi. Kuhusu shambulio la moyo wataalamu bado wanavutana kidogo, na hata uchambuzi wa 2018 niliotaja ulikuta hatari hiyo imepungua kiasi kwa wanywaji. Lakini Shirikisho la Moyo Duniani mwaka 2022 lilisema hakuna kiasi cha pombe kilicho kizuri kwa moyo, na Shirika la Afya Duniani Januari 2023 likasema wazi kwamba hakuna kiwango kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Ushauri wangu juu ya hili ni mfupi: anayekunywa kwa kuwa anapenda, aseme anapenda. Asisingizie moyo. Na asiyekunywa asianze.

Tuje kwenye ya kufanya. La kwanza ni dawa. Wapo wagonjwa wengi wa presha wanaoacha vidonge siku ya kunywa, kwa kuogopa kwamba dawa na pombe "vitagongana". Matokeo yake ni kwamba siku ambayo presha itapandishwa zaidi ndiyo siku isiyo na kinga, na anayekunywa Ijumaa hadi Jumapili anakosa dozi tatu kila wiki. Kama ni lazima kuacha kimoja, acha bia. Dawa za kawaida za presha zikikutana na pombe zinaweza kuleta kizunguzungu, hasa ukinyanyuka ghafla, na hiyo ni sababu ya kunywa kidogo au kutokunywa, si ya kuruka dozi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama warfarini azungumze na daktari wake kabla ya hata glasi moja. Na wanaume wanaomeza vidonge vya nguvu za kiume juu ya bia kadhaa wajue kwamba vyote viwili hushusha presha, na vikikutana na dawa za maumivu ya kifua za jamii ya naitreti presha inaweza kuanguka kiasi cha kuua.

La pili, jipime mwenyewe. Nunua au azima mashine ya presha ya kufunga mkononi, juu ya kiwiko. Keti dakika tano kwenye kiti chenye egemeo, miguu imekanyaga sakafu bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, usiongee, na nusu saa kabla yake usiwe umenywa kahawa wala kuvuta. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati, andika zote. Fanya hivyo Jumatano asubuhi na Jumapili asubuhi kwa wiki nne za maisha yako ya kawaida, halafu wiki nne bila pombe. Nyumbani, wastani unaofika 135 kwa 85 unahitaji daktari. Kwa mtu aliyekuwa akinywa kwa wingi, tofauti kati ya karatasi hizo mbili humwonyesha anachofanyiwa na pombe kuliko mahubiri yoyote, yangu yakiwemo. Mume na mke wakipima pamoja, kila mmoja na karatasi yake, ubishi wa nani anakunywa zaidi utapata jibu la kueleweka.

La tatu ni meza. Kuagiziana ndiko kunakoua hesabu: watu watano, kila mmoja anazungusha mara moja, na tayari una chupa tano mbele yako ulizohesabiwa na wengine. Agiza yako, lipa yako, kunywa maji kati ya chupa na chupa, kula kabla. Usichanganye pombe kali na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu vinakuficha kwamba umelewa huku mapigo yakiendeshwa mbio. Na ukitaka kukataa bila maelezo, sema uko kwenye dozi. Sijui kisingizio kingine ambacho meza za baa zetu zinakiheshimu hivyo. Hakuna anayeuliza dozi ya nini, na kwa mwenye presha wala si uongo.

La mwisho linawahusu wanaokunywa kila siku, hasa wale ambao mikono hutetemeka asubuhi mpaka wapate kidogo. Wasiache ghafla peke yao nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa kwa mara moja unaweza kuleta degedege, kuchanganyikiwa na mapigo ya moyo kwenda mbio kupita kiasi, na siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Hospitali kuna dawa za kumvusha mtu siku hizo, pamoja na vitamini B1 ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo na ambayo moyo unaihitaji. Ndugu anayemfungia mtu chumbani "mpaka imtoke" amtoe ampeleke. Akifika, asimwambie daktari "anakunywa kidogo kidogo". Ataje aina, ukubwa wa chupa, ngapi kwa siku, na lini alikunywa mara ya mwisho.